Jani Limezeeka kwa Kulinganishwa na Nini?

Grafu mbili ziliingia kwenye simu yangu usiku, moja juu ya nyingine. Katika ya kwanza mstari ulishuka kutoka kushoto kwenda kulia. Katika ya pili ulipanda. Chini yake, binti aliyezituma, mwanafunzi wa biokemia ambaye huniuliza mambo mara kwa mara, aliandika: "Shikamoo mwalimu. Majani ni yale yale, kimeng'enya ni kile kile, nimepima siku moja. Niamini ipi?"

Alikuwa amepima fosfatesi ya asidi, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kinachokata fosfeti kutoka kwenye molekuli nyingine, kwenye majani ya maharage, kuanzia jani dogo la juu lililokunjuka karibuni hadi lile la chini kabisa lililoanza kugeuka manjano. Kipimo chenyewe si kigumu. Unalisaga jani kwenye kinu kilichopozwa kwa barafu, unazungusha uji wake kwenye sentrifuji, unachukua maji ya juu, unayachanganya na kemikali ambayo kimeng'enya kikiikata hutoa rangi ya njano. Mashine inasoma ukali wa njano hiyo. Nilizipitia namba zake moja moja na sikuona iliyokosewa.

Grafu ya kwanza alikuwa amegawanya kwa gramu za jani. Ya pili, kwa miligramu za protini.

Nikamjibu, "Marahaba. Zote mbili ni za kweli."

Tangu hapo swali lile limekataa kunibanduka. Kila ninaposoma kwamba shughuli ya kimeng'enya fulani "hupungua jani linapozeeka", au "hufikia kilele jani likikomaa", najikuta nikitafuta kwanza maandishi madogo yaliyo kando ya mhimili wa wima. Mara nyingi ndiyo yenye habari.

Namba ya chini ya mstari

Chukua mfano wa kubuni, kwa ajili ya hesabu tu. Jani changa lina uzito wa gramu 0.2, na kila gramu yake ina miligramu 20 za protini na yuniti 10 za kimeng'enya. Jani zee lina gramu 1.5, na kila gramu ina miligramu 8 za protini na yuniti 6 za kimeng'enya.

Kwa gramu, shughuli imeshuka kutoka 10 hadi 6. Imepungua kwa asilimia 40.

Kwa miligramu ya protini, imetoka 0.5 hadi 0.75. Imeongezeka kwa asilimia 50.

Kwa jani zima, imetoka yuniti 2 hadi 9. Imeongezeka zaidi ya mara nne.

Hakuna udanganyifu mahali popote hapo. Ni majani mawili na majibu matatu, na kila jibu lingeweza kuandikiwa aya nzima ya ufafanuzi: kwamba kimeng'enya "huchoka", kwamba "huamshwa na uzee", au kwamba "hukua pamoja na jani". Nimewahi kusoma aya za aina zote tatu, zimeandikwa kwa kujiamini kabisa, na sina hakika tena ni ngapi kati ya hizo zilizungumzia kimeng'enya chenyewe.

Tatizo ni kwamba hakuna kitu ndani ya jani kinachosimama tuli ili tukitumie kama kipimo. Seli changa ni ndogo, zimejaa saitoplazimu, uji wa ndani ya seli wenye protini, na vakuoli zake, yaani mifuko ya maji, bado ni finyu. Gramu moja ya jani kama hilo imesheheni protini. Seli zikitanuka, sehemu kubwa ya nafasi inayoongezeka ni maji ndani ya vakuoli. Kwa hiyo gramu ya jani lililokomaa ni maji zaidi na mashine kidogo, hata kama hakuna mashine hata moja iliyoondoka. Ukisema basi utumie uzito mkavu, kuta za seli hunenepa kadiri jani linavyokomaa, na wanga hujaa mchana na kupungua usiku. Ukichagua eneo, jani changa ni jembamba na lile la juani ni nene kuliko la kivulini. Ukichagua klorofili, rangi ya kijani ya jani, hiyo ndiyo inayotoweka mbele ya macho yako.

Hata DNA haikubali. Ingeonekana ndiyo namna safi ya kuhesabu seli, lakini mimea mingi, pamoja na ule mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis, hurudufu DNA ndani ya seli za jani bila seli hizo kugawanyika.

Jani lisilojilisha

Tuache vigawanyo kidogo, maana kuna mabadiliko ambayo ni makubwa mno kufichwa na hesabu.

Jani likiwa dogo ni mlaji. Lina kijani tayari, lakini linaishi kwa sukari inayoletwa na majani makubwa. Wakati huo invatesi, hasa zile zinazopenda asidi zilizomo kwenye vakuoli na kwenye ukuta wa seli, huwa na nguvu nyingi. Kazi yake ni kuikata sukrosi kuwa glukosi na fruktosi. Sukari hizo mbili hujenga seli, na pia huvuta maji, na maji ndiyo yanayoitanua seli.

Kisha jani hugeuka. Kwa mimea mingi yenye majani mapana hilo hutokea jani likiwa limefikia kati ya robo na nusu ya ukubwa wake wa mwisho. Invatesi hushuka, kimeng'enya kinachounda sukrosi, yaani sukrosi fosfeti sinthesi, hupanda, na mlaji anakuwa mlishaji.

Ninachokipenda zaidi katika habari hii ni kwamba jani haligeuki lote kwa pamoja. Robert Turgeon, mtafiti wa Marekani aliyefuatilia jambo hili kwa miaka mingi kwenye maboga na tumbaku, alionyesha mgeuko ukianzia nchani na kushuka polepole kuelekea kwenye kikonyo. Kuna siku ambapo ncha ya jani inasafirisha sukari nje huku sehemu ya chini ya jani hilo hilo bado inapokea.

Ukilisaga zima siku hiyo, unapata wastani wa majani mawili ambayo hayafanani kazi. Namba itakayotoka haielezi sehemu yoyote ya jani iliyowahi kuwepo.

Mahindi hutoa njia ya kulikwepa hilo. Jani la muhindi hukua kutokea chini; seli mpya huzaliwa kwenye kitako cha jani na kusukumwa juu, kwa hiyo ncha ndiyo kongwe na chini ndiko kuchanga. Ukilikata vipande kwa wembe, una umri wote umelala kwa urefu mbele yako. Chini kabisa kuna vimeng'enya vya kugawanya seli na kujenga kuta. Ukipanda kuelekea nchani, vimeng'enya vya usanisinuru wa aina ya mahindi, kama PEP kaboksilesi, vinaingia kazini na kushika nafasi. Kwenye maharage ya yule binti hilo haliwezekani. Pale umri ulipimwa kwa nafasi ya jani kwenye shina, na nafasi si umri mtupu: jani la chini lilizaliwa mmea ukiwa mdogo, likakua kwa mwanga mwingine, na sasa limefunikwa na wadogo zake. Sehemu ya kinachoitwa uzee hapo ni kivuli.

Na huwezi kulipima jani lile lile mara mbili. Ukishalisaga, limekwisha.

Rubisco, aliyejificha kwenye kigawanyo

Hapa ndipo fikra zangu zilipogeuka, na nimejiuliza kwa nini vitabu havilisemi kwa sauti.

Rubisco ni kimeng'enya kinachoikamata hewa ya ukaa na kuiingiza kwenye mkondo wa kutengeneza sukari. Karibu kila chembe ya chakula duniani imepitia kwake. Lakini ni mzito wa kazi: hushughulikia takriban molekuli tatu tu kwa sekunde, wakati vimeng'enya vingine huhesabu kwa mamia au maelfu, na mara kwa mara hukosea na kukamata oksijeni. Mmea hufidia uzito huo kwa wingi. Katika majani ya ngano au mpunga, Rubisco peke yake inaweza kufikia hadi nusu ya protini yote inayoyeyuka kwenye maji.

Sasa rudi kwenye grafu inayopanda. Unapogawanya kwa miligramu za protini inayoyeyuka, sehemu kubwa ya unachogawanyia ni Rubisco.

Nilipolitazama hivyo, nililazimika kusimama kidogo.

Jani likizeeka, Rubisco ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kupungua, na hupungua sana. Kwa hiyo kimeng'enya chochote ambacho hakikufanya lolote, kilichokaa tu mahali pake, kitaonekana kimepanda. Ni kama kaya ambayo nusu ya watu wamehama: mapato kwa kila kichwa yanaongezeka bila yeyote kuongeza senti. Mstari wa fosfatesi wa yule binti ulikuwa, kwa kiasi fulani, mstari wa Rubisco uliopinduliwa juu chini. Orodha nzima ya vimeng'enya "vinavyoamshwa na uzee" inastahili kutazamwa upya kwa jicho hilo. Vingine vitabaki, kwa sababu vinaamshwa kweli. Vingine sidhani.

Lakini Rubisco yenyewe hupunguaje? Kwa muda mrefu kipimo cha shughuli kilituambia tu kwamba kiasi kimeshuka, na kushuka kunaweza kutokea kwa njia mbili: kiwanda kimefungwa, au ubomoaji umeongezeka. Namba ya mwisho ni ile ile. Mwaka 1983 Tadahiko Mae na wenzake huko Japani waliilisha mipunga nitrojeni-15, ile nzito kidogo inayoweza kufuatiliwa, wakahesabu kwa jani moja la mpunga ni Rubisco kiasi gani iliyotengenezwa na kiasi gani iliyobomolewa katika uhai wake wote. Walichokuta ni kwamba utengenezaji hufanyika zaidi wakati jani linatanuka. Likishafikia ukubwa wake, utengenezaji hushuka hadi kiwango kidogo sana, na kutoka hapo ubomoaji ndio unaotawala. Nitrojeni inayotoka huenda kwenye majani mapya na baadaye kwenye mbegu.

Kwa maneno mengine, kile kilele cha grafu, siku jani lilipokomaa kwa uzuri wake wote, ndiyo siku ambayo kazi ya kuijenga Rubisco ilikuwa imeshaanza kufifia. Mshuko ulipangwa kabla haujaonekana.

Na ubomoaji si kuoza. Mwaka 2003 watafiti waliona kwenye majani ya ngano vifuko vidogo vyenye Rubisco nje ya kloroplasti, vyumba vya usanisinuru ndani ya seli, na miaka michache baadaye, 2008, ikathibitishwa kwamba vifuko hivyo hubebwa na mfumo wa seli wa kujila, otofajia, hadi kwenye vakuoli. Kloroplasti hubaki nzima huku ikipunguzwa yaliyomo, kidogo kidogo. Huko vakuolini zinasubiri protiesi, vimeng'enya vya kukata protini, ambavyo baadhi yake havionekani kabisa kwenye jani changa. Kimoja, SAG12, huonekana tu uzee unapoanza, kiasi kwamba watafiti hukitumia kama alama yake.

Kimeng'enya kilichofanya kazi vizuri kwenye chupa

Kuna kisa kimoja ambacho kila mpimaji wa vimeng'enya angepaswa kukijua, na kinahusu rangi ya kijani.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Richard Willstätter, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1915 kwa kazi yake juu ya rangi za mimea, alieleza pamoja na mwenzake Arthur Stoll kimeng'enya kinachoikata klorofili mkia wake. Kikaitwa klorofilesi. Ukikiweka kwenye chupa pamoja na klorofili, kinaikata barabara. Ikakubalika kwamba hiyo ndiyo hatua ya kwanza jani linapogeuka manjano, na kwa miongo mingi watu walipima shughuli ya klorofilesi katika majani ya kila umri ili kuelewa umanjano unaanzaje.

Matokeo hayakukaa sawa. Majani mabichi kabisa yalikuwa na klorofilesi ya kutosha, na hayakuwa yakigeuka. Wakati mwingine shughuli ilishuka huku klorofili ikitoweka. Watu walieleza: labda kimejificha, labda kimetenganishwa na klorofili na utando fulani, labda kinasubiri kuamshwa.

Kisha watafiti wakaja na Arabidopsis isiyo na jeni zake mbili za klorofilesi. Ilizeeka na kugeuka manjano kama kawaida. Mwaka 2009 kikatambuliwa kimeng'enya kingine, feofitinesi, ambacho hukata mkia ule ule lakini baada ya magnesi kuondolewa kwanza katikati ya klorofili. Mimea isiyo nacho ndiyo iliyobaki kijani.

Nasita kucheka. Vipimo vile vya miongo yote havikuwa vibaya. Vilikuwa sahihi kuhusu kimeng'enya ambacho hakikuwa na kazi hiyo ndani ya jani.

Na huyo anayeondoa magnesi? Hapo tunakutana na mzee Gregor Mendel. Kati ya sifa za njegere alizoandika mwaka 1866 ni rangi ya mbegu, manjano au kijani. Mwaka 2007 jeni ya sifa hiyo ilitambuliwa. Ni ile ambayo ikiharibika majani nayo hukataa kupoteza kijani, na mwaka 2016 ikaonyeshwa kwamba protini yake ndiyo inayochomoa magnesi kwenye klorofili. Mendel alikuwa akihesabu kizazi baada ya kizazi matokeo ya kimeng'enya cha uzee bila kujua kipo.

Mimea hiyo inayobaki kijani inanirudisha kwenye grafu. Ndani ya majani yake Rubisco hushuka kama kwa jani lolote linalozeeka, na usanisinuru nao hushuka. Kijani kimebaki, kazi imekwisha. Ukiamua umri wa jani kwa rangi, kama tunavyofanya wengi wetu kwa macho tu, mmea wa namna hiyo utakudanganya mchana kweupe. Na ukigawanya shughuli ya kimeng'enya kwa klorofili, katika jani la kawaida utapata mpando na katika jani hilo mshuko, hata kama kimeng'enya chenyewe kimefanya jambo moja katika yote mawili.

(Kwa wanaojiuliza kwa nini mmea ujisumbue kuibomoa klorofili: si kwa ajili ya nitrojeni iliyomo ndani yake. Hiyo ni kidogo, na mabaki yake huishia vakuolini. Lakini klorofili iliyoachwa peke yake kwenye mwanga ni hatari, na isipoondolewa protini zinazoishikilia haziwezi kubomolewa. Nitrojeni yenye thamani imo kwenye protini hizo.)

Jina moja, kazi mbili

Glutamini sinthetesi ni kimeng'enya kinachounganisha amonia na glutameti kutengeneza glutamini, molekuli ambayo mmea huitumia kubebea nitrojeni. Ukipima shughuli yake katika majani ya umri tofauti, unaweza kupata mshuko wa wastani usiovutia macho ya mtu.

Chini ya mshuko huo kuna makabidhiano. Zipo za aina mbili. Moja hukaa ndani ya kloroplasti, hutawala jani likiwa na nguvu, na hupotea pamoja na kloroplasti. Nyingine hukaa kwenye saitoplazimu, na uzee unapoingia huongezeka, hasa karibu na mishipa, ikitengeneza glutamini ya kusafirishwa nje ya jani. Mmenyuko wa kikemia ni ule ule, kwa hiyo chupa haizitofautishi. Inajumlisha anayeondoka na anayeingia, na kukupa jumla.

Ni lazima uzitenganishe kabla ya kupima, au upime protini zenyewe kwa kingamwili. Wengi hawafanyi, na siwalaumu sana; ni kazi ya ziada.

Saa ya kuchuma

Hili nitalipita haraka, ila lisisahaulike. Nitrati riduktesi, kimeng'enya kinachoanza kazi ya kugeuza nitrati iwe kitu ambacho mmea unaweza kujengea protini, huwa na nguvu zaidi jani likiwa bado changa au ndiyo linakomaa. Lakini taa ikizimwa, ndani ya dakika chache hufungiwa fosfeti na kubanwa na protini nyingine, kikanyamaza. Kipo, hakifanyi kazi. Ukikitoa kwenye jani kwa bafa (maji ya kusagia jani) yenye magnesi, utakuta kimenyamaza. Ukitumia bafa inayoinyang'anya magnesi, kinafunguka na kukuonyesha nguvu zake zote.

Kwa hiyo jani moja, lililochumwa saa moja, linaweza kutoa namba mbili kulingana na ulichotia kwenye chupa. Na majani yaliyochumwa moja moja kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa mpangilio wa umri, yatakupa mstari mzuri wa umri ambao kwa kweli ni mstari wa jua.

Jani zee lina tatizo la ziada. Ukilisaga, vakuoli hupasuka na kuachilia protiesi zake na kemikali za fenoli juu ya kimeng'enya chako. Unaweza kupoteza nusu yake kabla hujafika kwenye mashine, na ukaandika kwamba jani ndilo lililoipoteza.

Uzee unaorudi nyuma

Mwaka 1957 Amos Richmond na Anton Lang walichukua majani yaliyokatwa ya mmea uitwao Xanthium, wakayapa homoni iitwayo kinetini, na protini ikapungua kwa mwendo wa polepole kuliko kawaida. Mwaka 1995 Susheng Gan na Richard Amasino walikwenda mbali zaidi. Waliunganisha swichi ya SAG12, ile inayowaka uzee ukianza, na jeni ya kutengeneza saitokinini, homoni ya kundi lile lile. Uzee ukianza swichi inawaka, homoni inatengenezwa, uzee unasimama, swichi inazimika. Tumbaku zao zilibaki na majani ya chini yenye kijani na yanayofanya usanisinuru.

Na kwenye tumbaku ya aina nyingine, ukikata sehemu ya juu ya mmea, jani la chini lililokwisha kugeuka manjano linaweza kurudi kijani, na vifaa vyake vya usanisinuru vikajengwa upya.

Nimelitafakari hili kwa upande wa grafu. Mhimili wa chini huandikwa "umri, siku". Kama jani linaweza kurudi, basi siku siyo inayosukuma mstari. Kinachousukuma ni hali ya mmea mzima: nani anahitaji nitrojeni, nani ameondolewa, mwanga unafika wapi. Siku ni kitu tunachoweza kukiandika kwa urahisi, ndiyo maana tunakiandika.

Nilimwandikia yule binti nikamshauri afanye mambo matatu: aonyeshe shughuli kwa jani zima kando ya zile grafu mbili, aweke grafu ya protini yenyewe ili msomaji aone kigawanyo kikitembea, na kwenye maelezo asitumie neno "hupungua" peke yake, aseme hupungua kwa gramu, au kwa eneo. Alilalamika kwamba msimamizi wake anataka grafu moja. Namwelewa msimamizi pia. Kurasa ni chache, na grafu tatu zinazopingana zinamfanya mtu aonekane hajui alichokipata. Mimi naona zinaonyesha kwamba anajua.

Kigawanyo nje ya maabara

Nilidhani suala hili ni la watu wa chupa na barafu. Kumbe limewafuata wanaikolojia hadi msituni.

Jani likikaribia kuanguka, vimeng'enya vya kwenye tabaka la kukatikia, chini ya kikonyo, huyeyusha kuta zinazoshikanisha seli, selulesi na poligalakturonesi zikiwa mbele. Kabla ya hapo mmea umeshavuta kutoka kwenye jani, kwa wastani, nusu au zaidi ya nitrojeni yake. Wanaikolojia hulikadiria hilo kwa kupima nitrojeni kwa kila gramu ya jani bichi na kwa kila gramu ya jani lililopukutika, kisha kutoa.

Lakini jani lililopukutika limepoteza pia uzito, kwa kuwa sukari na protini zimeondoka, na limesinyaa. Tuseme lilikuwa na gramu 1 na miligramu 20 za nitrojeni, likaanguka na gramu 0.75 na miligramu 9. Kwa gramu, nitrojeni imeshuka kutoka 20 hadi 12, yaani mmea umeokoa asilimia 40. Kwa jani, imetoka 20 hadi 9, na mmea umeokoa asilimia 55. Mwaka 2003 L. M. van Heerwaarden na wenzake walionyesha kwamba njia ya kawaida ilikuwa inapunja makadirio haya kwa kiasi cha kutosha kujali, iwe umegawanya kwa uzito au kwa eneo.

Wengine wamejaribu kugawanya kwa kalsiamu. Hoja ni nzuri: kalsiamu ikishaingia kwenye jani haitoki kirahisi, kwa kuwa haisafiri vizuri kwenye mishipa inayorudisha chakula kwenye shina, kwa hiyo ingekuwa ndicho kitu kimoja kinachobaki pale pale jani linapopoteza kila kitu kingine. Ila huja na maji kutoka mizizini, na maji huendelea kuja kwa muda wote jani linapotoa mvuke. Jani zee, hata lile lililogeuka manjano, bado linaongeza kalsiamu.